Unacheza kama nani? Mponyaji wa mchezo wa mtandaoni na mafunzo yake kwa tiba

Mzazi anapomweleza daktari kwamba kijana wake "anacheza sana michezo ya kompyuta", swali linalofuata kwa kawaida ni moja: kwa saa ngapi? Mzazi hujibu kwa kuguna, kijana huinamisha kichwa, na jambo hilo ama huandikwa kwenye jalada kama dalili ama huachwa kama upuuzi. Swali la saa lina maana yake, na makala haya yatalirudia. Lakini liko swali jingine linaloulizwa kwa nadra, ambalo karibu kila mchezaji hulijibu kwa uchangamfu: unacheza kama nani?

Katika michezo ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, mchezaji haingii kama yeye mwenyewe. Huanza kwa kumuumba mhusika na kumchagulia kazi atakayoifanya katika ulimwengu huo wa kubuni. Uchaguzi huo ndio utakaoamua atapigana vipi, atahitajiwa na nani na atalaumiwa kwa lipi. Kwa mtu wa tiba, uchaguzi unaovutia kuliko wote ni ule wa mponyaji.

Kazi tatu katika kundi moja

Mfano unaojulikana zaidi ni World of Warcraft, mchezo uliotolewa na kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment mnamo Novemba 2004. Ulipoanza ulikuwa na aina 9 za wahusika, miongoni mwao askari mwenye deraya nzito, mwindaji anayefuatana na mnyama wake, mwizi anayenyatia kivulini, mchawi na kasisi. Mchezaji anaweza kuwajaribu wote, lakini wengi hurudi kwa mmoja wampendaye, na hubaki naye kwa miaka.

Mapambano makubwa ya mchezo huo hayashindwi na mtu mmoja. Katika miaka ya mwanzo, baadhi yalihitaji kundi la watu 40, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, mbele ya kompyuta yake. Kundi hugawana kazi tatu. Mlinzi hujitokeza mbele na kupokea mapigo ya adui. Washambuliaji humpunguza nguvu adui huyo. Mponyaji, ambaye mara nyingi ni kasisi aliyevaa nguo za kitambaa zisizozuia hata pigo dogo, husimama nyuma na kuwahifadhi hai wenzake.

Mponyaji hamtazami sana adui. Macho yake yako kwenye safu ya mistari midogo inayoonesha uhai wa kila mwenzake. Mstari ukipungua, lazima aamue: amtibu huyu sasa, au amsubiri yule ambaye baada ya sekunde 2 atapigwa zaidi? Ampe tiba ndogo ya haraka inayogharimu nguvu nyingi, au tiba kubwa ya taratibu ambayo huenda ikachelewa? Akimpa mtu tiba kuliko upungufu wake, ziada inapotea bure. Akiponya kwa wingi mno na kwa pupa, adui humgeukia yeye. Hawezi kumtibu kila mtu kwa wakati mmoja, na akijaribu, atawapoteza wote.

Muuguzi aliyewahi kusimama peke yake zamu ya usiku katika wodi iliyojaa atayatambua mambo haya mara moja. Kupanga wagonjwa kwa kadiri ya uharaka, kumwacha kwa muda anayelia kwa sauti ili kumfikia aliyenyamaza, na kukubali kwamba mikono ni miwili tu, ni stadi zinazofundishwa darasani na kukomaa kazini. Haitakuwa kweli kusema kwamba mchezo unamfundisha mtu uuguzi. Hakuna damu wala harufu, na aliyekufa mchezoni huamka tena. Lakini kijana anayesema "mimi ni mponyaji" amekwisha kuonja kitu ambacho watu wengi hawakijui: uzito wa kuamua nani ahudumiwe kwanza.

Ipo kanuni moja ya miaka hiyo ya mwanzo inayostahili kukumbukwa. Kila tiba ilitumia sehemu ya akiba ya nguvu ya kasisi, na akiba hiyo haikurudi kwa kasi yake ya kawaida mpaka azuie mkono wake kwa sekunde 5 bila kutoa tiba nyingine. Waponyaji hodari walijifunza kupumzika katikati ya vita. Waponyaji wageni, kwa kuona haya ya kusimama bure wenzao wakiumia, walitibu mfululizo hadi akiba ikaisha, kisha wakabaki watazamaji wa kifo cha kundi zima. Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika ulimwengu huu wa kubuni, mganga asiyejua kupumua huwaangamiza wagonjwa wake.

Gonjwa la Septemba 2005

Mnamo Septemba 2005 kampuni hiyo ilifungua uwanja mpya wa mapambano ulioitwa Zul'Gurub. Adui mkuu wa humo, Hakkar, alikuwa na silaha ya ajabu: aliwaambukiza wapiganaji ugonjwa wa kubuni wa damu iliyochafuliwa. Aliyeupata alipoteza uhai kila baada ya muda mfupi, na akimkaribia mwenzake humwambukiza. Watengenezaji walikusudia ugonjwa huo uishie ndani ya uwanja huo, na mwanadamu aliyetoka nje alitoka akiwa salama.

Walichosahau ni wanyama. Mwindaji aliweza kumwondoa mnyama wake vitani na kumwita tena baadaye mahali pengine. Mnyama aliyeondolewa akiwa mgonjwa alirudi akiwa mgonjwa vilevile. Wawindaji walipowaita wanyama wao katikati ya miji mikubwa, ugonjwa uliruka kutoka kwa mnyama kwenda kwa watu, na kutoka hapo ukaenea katika masoko na viwanja vilivyosongamana. Wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, kama vile wauza maduka na walinzi wa malango, waliupata bila kufa. Waliendelea kusimama mahali pao wakiwa wazima kwa sura, huku wakimwambukiza kila aliyekuja kununua.

Wachezaji wenye uzoefu waliweza kustahimili kwa muda. Wageni, ambao uhai wa wahusika wao ulikuwa mdogo, walikufa karibu papo hapo. Mitaa ya miji ikajaa mifupa. Wako waliokimbilia vijijini, wakaupeleka ugonjwa huko. Wako waliokuja kutoka mbali kwa udadisi, waone kwa macho yao, kisha wakarudi walikotoka wakiwa wameubeba. Wako walioueneza kwa makusudi. Kampuni ilitangaza karantini, lakini baadhi hawakuiamini na wengine hawakuijali. Mwishowe seva zilizoathirika ziliwashwa upya na mchezo ukarekebishwa ili wanyama wasiweze tena kuutoa ugonjwa nje. Ulimwengu halisi hauna kitufe cha namna hiyo.

Na waponyaji walifanya nini? Wengi wao walikimbilia mjini. Bila kuamriwa na yeyote, makasisi na wenzao wenye uwezo wa tiba walisimama mitaani wakiwaponya wapita njia. Hapo ndipo funzo chungu lilipo. Tiba waliyokuwa nayo ilirudisha uhai, lakini haikuondoa ugonjwa. Aliyetibiwa aliishi muda mrefu zaidi akiwa bado anaambukiza, akatembea, akawakuta wengine. Mponyaji mwenyewe aliambukizwa, kisha akaharakia mtaa mwingine wenye wahitaji, akiwa ameubeba ugonjwa alioukusudia kuuzuia.

Watafiti wanaingia

Miaka 2 baadaye, mwaka 2007, Eric Lofgren na Nina Fefferman walichapisha uchambuzi wa tukio hilo katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Hoja yao haikuwa kwamba mchezo ni sawa na maisha. Walisema kwamba mifano ya kihesabu inayotumiwa kukadiria mwenendo wa milipuko hupata taabu kubwa katika jambo moja: kukisia binadamu atafanya nini akiogopa, akichoka, akipuuza au akitaka kusaidia. Ndani ya mchezo, maelfu ya watu halisi walifanya maamuzi yao wenyewe. Mwaka huohuo mtafiti Ran Balicer aliandika katika jarida la Epidemiology akipendekeza michezo ya namna hii itazamwe kama uwanja wa kujifunzia usambaaji wa magonjwa.

Udhaifu wa hoja hiyo ni dhahiri, na ni haki kuutaja. Mtu asiyepoteza chochote kwa kufa huthubutu kufanya asilothubutu mwenye mwili mmoja tu. Mchezaji aliyekuja mjini kwa udadisi huenda asingesogea karibu na wodi ya wagonjwa wa kweli. Hata hivyo, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofika mwaka 2020, mambo kadhaa ya mwaka 2005 yalionekana tena bila mchezo: mbebaji asiye na dalili, mtu anayekimbia mji akiwa ameubeba ugonjwa, na karantini inayovunjika kwa sababu watu hawamwamini anayeitangaza.

Kisa cha waponyaji nacho kina mwangwi wake Afrika. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 hadi 2016, zaidi ya watu 11,000 walifariki, na miongoni mwao walikuwamo wahudumu wa afya zaidi ya 500. Wengi wao waliwagusa wagonjwa kabla ya kuwa na vifaa vya kujikinga, au kabla ya kujua ni ugonjwa gani ulioingia. Kumwambia mhudumu avae kinga kamili kabla ya kumkaribia mgonjwa anayemwita kwa jina si kumfundisha woga. Ni kumwambia lile ambalo makasisi wa mwaka 2005 walilijua baadaye: huruma isiyo na kinga inaweza kuwa njia ya maambukizi. Mhudumu anayejikinga anamkinga pia mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Mgonjwa anapokuwa mtu mwingine

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao unamhusu mgonjwa. Mats Steen alizaliwa Norway mwaka 1989. Akiwa na umri wa miaka 4, wazazi wake waliambiwa kwamba ana ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli wa aina ya Duchenne. Ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika jeni ya kromosomu X inayotengeneza protini ya distrofini, na kwa sababu hiyo huwapata hasa wavulana. Bila protini hiyo, nyuzi za misuli huharibika kidogo kidogo. Mtoto huanza kwa kuanguka mara kwa mara na kushindwa kupanda ngazi; kwa kawaida huhitaji kiti cha magurudumu anapokaribia au kuingia katika ujana, na hatimaye misuli ya upumuaji na ya moyo hudhoofika.

Miguu ilipomshinda, na baadaye mikono ilipobakiza mwendo mdogo tu wa vidole, Mats aliendelea kucheza World of Warcraft kwa msaada wa vifaa maalumu. Mhusika wake aliitwa Ibelin Redmoore. Hakujulikana kwa uponyaji. Alijulikana kama mpelelezi, mtu wa heshima na mwenye maneno matamu kwa wanawake. Ibelin alikuwa na desturi ya kukimbia mwendo mrefu kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Wenzake katika kundi lao, lililoitwa Starlight, waliiona kama mazoea tu. Kwa miaka mingi hawakujua kwamba aliyekuwa akimkimbiza mhusika huyo hakuweza kusimama.

Wazazi wake waliona mtoto aliyejifungia chumbani. Walihuzunika wakiamini kwamba ataondoka duniani bila kupata rafiki, wala kupenda, wala kuacha alama katika maisha ya mtu mwingine. Mats alifariki tarehe 18 Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Alikuwa amewaachia wazazi nywila ya blogu yake, na baba akaandika humo taarifa fupi ya msiba. Ndipo barua zilipoanza kufika kutoka nchi mbalimbali. Mmoja alieleza jinsi wazazi wake walivyomnyang'anya kompyuta alipokuwa msichana mdogo, na jinsi Mats alivyowaandikia barua ili waelewe huzuni aliyokuwa nayo. Mama mmoja aliandika kwamba Mats ndiye aliyemshauri aingie mchezoni pamoja na mwanawe mwenye usonji, ambaye hakuweza kumfikia kwa njia nyingine. Wanachama wachache wa Starlight walisafiri hadi Oslo kwa mazishi, na asiyekuwa na nauli alichangiwa na wenzake. Mwaka 2024 maisha yake yalielezwa katika filamu ya The Remarkable Life of Ibelin, iliyoongozwa na Benjamin Ree.

Mhusika wa Mats hakupewa uwezo wa kuponya, lakini kazi aliyoifanya kwa wenzake ilikuwa ya kuponya. Kwa mtu aliyezoea kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani na wengine, kupata mahali pa kuhitajiwa ni jambo kubwa. Wagonjwa wengi wa maradhi ya kudumu hulia si kwa maumivu peke yake bali kwa kuwa wapokeaji siku zote. Mhudumu anayeuliza tu "anacheza saa ngapi?" angeiona idadi ya kutisha katika maisha ya Mats. Asingeona kwamba ndani ya saa hizo zilikuwamo urafiki, ushauri na mbio.

Mchezo unapokuwa ugonjwa

Habari hizi zisichukuliwe kama kibali cha kupuuza hatari. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha toleo la 11 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, ambalo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ndani yake yumo tatizo la kiafya linalotokana na uchezaji wa michezo ya kidijitali. Vigezo vyake vikuu ni vitatu. Mtu hupoteza uwezo wa kujizuia, iwe ni kuanza, kuacha au kupunguza. Mchezo hupewa kipaumbele kuliko shughuli nyingine na mahitaji ya kila siku. Na uchezaji huendelea au huongezeka hata baada ya madhara kuonekana. Mwenendo huo unapaswa kuwa mzito kiasi cha kuathiri familia, masomo, kazi au afya, na kwa kawaida uwe umedumu kwa angalau miezi 12.

Idadi ya saa haimo katika vigezo hivyo. Kijana anayecheza sana wakati wa likizo huku akila, akilala na kuzungumza na watu wake hana ugonjwa kwa sababu ya saa hizo. Mwingine anayecheza saa chache lakini ameacha shule, amekosana na nyumba nzima na hawezi kusimama hata akitaka, anahitaji msaada. Mara nyingine nyuma ya mchezo yamejificha mambo mengine yenye tiba yake, kama vile sonona, wasiwasi uliozidi au kuonewa shuleni. Kuchomoa waya wa kompyuta hakutibu hata moja kati ya hayo. Kunaweza kumwondolea kijana watu pekee anaozungumza nao, kama ilivyompata yule msichana aliyeandikiwa barua.

Maswali ya kuuliza

Mhudumu wa afya, mwalimu au mzazi anayetaka kujua ukweli hana haja ya kuufahamu mchezo. Anahitaji kuuliza kwa heshima na kusikiliza jibu. Unacheza kama nani, na kwa nini umempenda huyo? Wenzako wanakutegemea kwa kazi gani? Wanakujua kwa jina gani, na wanajua nini kuhusu afya yako? Ukikosekana siku moja, nani atauliza ulipo? Baada ya hapo ndipo yafuate maswali ya usingizi, chakula, masomo, fedha zinazotumika mchezoni, na kama amewahi kujaribu kupunguza akashindwa. Mtoto aulizwe pia kama kuna mtu mzima asiyemfahamu anayemwomba picha, fedha au kukutana faraghani, maana si kila aliyejificha nyuma ya mhusika ana nia njema.

Kwa mgonjwa, hasa aliyefungiwa nyumbani na maradhi ya muda mrefu, shauri ni fupi. Mwambie anayekutibu kuhusu maisha yako ya mchezoni kama unavyomwambia kuhusu dawa unazotumia. Mueleze kama vidole vinachoka, kama macho yanauma, kama usingizi umepotea. Vipo vifaa na namna za kukaa zinazoweza kukusaidia uendelee bila kujiumiza, lakini hazitatajwa na mtu asiyejua kwamba unacheza.

Wazazi wa Mats Steen walipata jibu la swali hilo baada ya msiba, kupitia barua za watu ambao hawakuwahi kumshika mkono. Yupo mgonjwa mwingine leo, katika kitanda au kiti cha magurudumu, mbele ya kioo kinachong'aa usiku. Yeye bado anaweza kuulizwa.